Njiwa Peke Yake Hatoshi

Kila ifikapo siku ya kuadhimisha amani, walimu wetu wengi huwaagiza wanafunzi wachore picha ya amani. Picha zinazoletwa, toka Bukoba hadi Mtwara, huwa kana kwamba zimechorwa na mkono mmoja: njiwa mweupe aliyekunjua mabawa, mdomoni ana kijiti cha mzeituni, mti ambao wengi wa watoto hao hawajapata kuuona. Chini yake huandikwa neno AMANI kwa herufi kubwa. Mwalimu hutoa alama, picha hubandikwa ukutani, na baada ya wiki mbili hubanduliwa ili ukuta upate nafasi ya matangazo mengine. Hakuna aliyeudhika, wala hakuna aliyejifunza kitu.

Mimi nashikilia kwamba njiwa huyo peke yake hatoshi. Picha ya amani isiyomwonyesha mtazamaji vita hugharimu nini, na humgharimu nani, ni pambo tu, mfano wa ua la karatasi juu ya meza ya ofisi. Nashikilia pia kwamba iko sanaa moja ambayo kwa muda wa miaka mia mbili imefanya kazi ya kutetea amani kuliko sanaa nyingine za mkono, na ambayo sisi tumeidharau mno mashuleni na hata maofisini. Sanaa hiyo ni sanaa ya chapa. Katika makala haya nakusudia kuitetea, na kuwajibu wale wanaoibeza.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya jambo lenyewe. Chapa ni picha ambayo msanii haichori moja kwa moja juu ya karatasi. Huichonga kwanza katika kibao cha mti au kipande cha lino, akapaka wino juu yake, kisha akalaza karatasi na kuigandamiza. Palipobaki juu pataacha weusi, na palipochimbwa patabaki peupe. Au huichora katika bamba la shaba na kuliachia asidi ile mistari yake, halafu wino ukajificha ndani ya mifereji hiyo hadi karatasi iuvute. Au huchora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe, akitegemea ule uadui wa asili baina ya mafuta na maji. Au huupitisha wino katika kitambaa kilichotandwa juu ya fremu, penye uwazi ukapita, paliposibwa ukazuiwa. Njia ni nyingi, lakini tabia ni moja: picha moja huzaa wenziwe makumi na mamia, na kila mmoja ni mwana halali, hakuna nakala na hakuna asili.

Wasomaji wa pwani, na siku hizi wa bara vilevile, wasione kwamba jambo hili ni geni. Kanga ni nini kama si chapa? Ni mchoro mmoja na jina moja la kanga, uliotiwa katika maelfu ya doti, ukaingia katika maelfu ya nyumba, ukasema neno lile lile kwa mwenye nacho na asiye nacho. Mama zetu walikwisha kufahamu kitambo kwamba picha iliyoungana na neno, ikiwa nyingi na ikiwa rahisi, huenda mahali ambapo hotuba haifiki.

Sasa turudi kwa njiwa, maana hata yeye ana nasaba yake, na nasaba yake ni ya chapa. Mwezi Januari 1949, Pablo Picasso, Mhispania aliyekuwa akiishi Ufaransa, alimchora njiwa kwa chapa ya jiwe. Mshairi Louis Aragon akamchagua njiwa huyo atiwe katika bango la Mkutano wa Amani uliofanyika Paris mwezi Aprili mwaka ule. Kutoka hapo aliruka dunia nzima. Lakini wanaomnakili njiwa huyo husahau yaliyomtangulia. Miaka 12 kabla yake, tarehe 26 Aprili 1937, mji wa Guernica ulio kaskazini ya Hispania ulipigwa mabomu na ndege za Ujerumani na Italia zilizokuwa zikimsaidia Jenerali Franco. Picasso alichora ile picha kubwa inayoitwa kwa jina la mji huo. Mwaka huo huo alikuwa ameshughulika na chapa za bamba la shaba alizoziita Ndoto na Uongo wa Franco, na katika vipande vyake vya mwisho mna wanawake wanaolia na watoto waliokufa. Chapa hizo ziliuzwa kuisaidia Jamhuri ya Hispania. Basi njiwa yule alitoka katika mkono wa mtu aliyekwisha kulia. Sisi tumemchukua njiwa, machozi tumeyaacha.

Tena njiwa ana udhaifu mwingine: hana ubishi. Mtu yeyote aweza kumbandika kwenye mlango wake, hata aliye na ghala la silaha nyuma ya nyumba. Haukupita muda, mwaka 1950, mahasimu wa kisiasa wa Picasso huko Ufaransa wakatoa bango lao linaloonyesha njiwa yule yule akiwa amegeuzwa kifaru cha vita. Alama inayoweza kugeuzwa kwa urahisi namna hiyo haiwezi kuachiwa peke yake kazi nzito kama ya kulinda amani.

Je, picha ya amani yenye ubishi ni ipi? Mwanzo wake wautafute kwa Francisco Goya. Vita vya Wahispania na majeshi ya Napoleon vilikuwa kati ya 1808 na 1814. Goya aliyatia katika mabamba ya shaba yale yaliyotendeka: waliouawa, waliotundikwa mitini, waliokufa njaa. Mkusanyo huo hujulikana kwa jina la Maafa ya Vita. Chini ya bamba mojawapo aliandika maneno yasiyozidi ushahidi wa mtu mbele ya baraza: kwamba hayo aliyaona. Hakuwapamba Wafaransa, wala hakuwaficha wananchi wenzake walipotenda unyama. Hakuzitoa hadharani chapa hizo maishani mwake. Alifariki mwaka 1828, na mabamba 80 yalichapwa kwa ajili ya watu wote mwaka 1863, yaani miaka 35 baadaye. Fikirini, ndugu wasomaji, juu ya uvumilivu wa shaba. Mwenye kusema amekufa, wafalme wamepokezana viti, na ushahidi umekaa kimya ukingoja wino tu.

Lakini ambaye ningependa kila mwanafunzi wetu wa sekondari amjue ni mwanamke Mjerumani, Käthe Kollwitz, aliyezaliwa mwaka 1867. Mumewe alikuwa daktari katika mtaa wa wafanyakazi mjini Berlin, naye akawaona mafukara kila siku mlangoni pake. Aliacha kupaka rangi turubai akashika kazi ya chapa, sanaa ambayo bei yake haimtishi mtu wa kipato kidogo. Katika ujana wake hakuwa mpole hata kidogo. Alichapa uasi wa wafumaji wa nguo waliokuwa wakinyonywa, kisha akachapa vita vya wakulima wa Ujerumani vya karne ya 16, na ndani ya chapa hizo mama mmoja anasimama akiwahimiza wanaume wakimbilie mbele.

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Mwanawe mdogo, Peter, aliyekuwa na umri wa miaka 18, akataka kujitolea jeshini. Baba alikataa. Mama ndiye aliyemwombea mtoto kwa mumewe, na baba akakubali. Mwezi Oktoba mwaka ule ule Peter akauawa huko Ubelgiji. Tangu siku hiyo mama yule alikuwa na swali moja, na swali hilo lilimchukua miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alilijibu kwa kuchonga vibao saba vya mti alivyoviita Vita.

Vitazameni vibao hivyo. Katika kimoja mama anamwinua mtoto mchanga kwa mikono miwili, kana kwamba anamtoa sadaka, na uso wake hauelezi kama anatoa au ananyang'anywa. Katika cha pili, Mauti anatangulia akipiga ngoma, na vijana wanamfuata midomo wazi, macho yamefumbwa kwa shangwe. Aliye karibu na Mauti kabisa ni Peter. Katika kingine baba na mama wamepiga magoti, wameegemeana wakawa bonge moja la huzuni ambalo huwezi kutambua mkono huu ni wa nani. Katika kingine tena, kina mama wamekumbatiana wakafanya duara, na kutoka ndani ya duara hilo vichwa vya watoto vinachungulia. Katika vibao vyote saba hamna uwanja wa mapigano, hamna adui. Msanii mwenzake Otto Dix, aliyepigana vita hiyo hiyo, alitoa chapa 50 mwaka 1924 zilizojaa mahandaki, matope na maiti, na alifanya haki kabisa, maana hayo ndiyo aliyoyaona. Kollwitz alionyesha nyumbani. Alijua kwamba vita huanzia nyumbani, pale mzazi anaposema ndiyo, na huishia nyumbani, pale barua inapofika.

Mwaka 1924, ilipotimia miaka 10 tangu vita kuanza, alichora bango kwa ajili ya mkutano wa vijana wa kisoshalisti mjini Leipzig: kijana ameinua mkono juu, mwingine ameuweka kifuani, anaapa, na pembeni yake maneno ya mkono yanasema kwamba vita visirudi tena. Wanazi walipotwaa utawala mwaka 1933 walimlazimisha ajiuzulu katika Akademia ya Sanaa ya Prussia, kwa kuwa alitia saini mwito wa kuwaunganisha wapinzani wao. Katika majira ya baridi ya 1941 kuingia 1942, akiwa mzee wa miaka 74, alichora chapa yake ya mwisho ya jiwe. Mama mwenye mifupa mikubwa ametandaza mikono juu ya wavulana watatu, kama kuku afunikavyo vifaranga, na wavulana wenyewe wanachungulia nje kwa hamu, wanataka kutoka. Chapa hiyo aliipa jina lenye maana ya kwamba mbegu za kupanda zisisagwe. Mwezi Septemba 1942 mjukuu wake, ambaye naye aliitwa Peter, akauawa huko Urusi. Bibi mwenyewe alifariki tarehe 22 Aprili 1945, siku 16 kabla ya vita kumalizika Ulaya.

Ni mkulima gani wa Kiafrika ambaye hataelewa picha ile bila ya kutafsiriwa? Hata mwaka wa njaa, mtama wa mbegu haugusiwi. Huning'inizwa juu ya moshi wa jiko, na watoto huambiwa kwamba ule si wetu, ule ni wa mwaka kesho. Nami nikiwa mtunzi nimethubutu kuliweka neno hilo katika ubeti mmoja:

Mbegu ya kupanda mwaka, haitwangwi kwenye kinu,
Hata njaa ikifika, ikapiga hodi kwenu,
Na watoto kadhalika, ni akiba yetu, yenu,
Mwenye vita akitaka, asiguse mbegu zenu.

Sasa nizikabili hoja za wapinzani, maana najua wako, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu.

Wako wasemao kwamba chapa ni sanaa ya daraja la pili. Kwamba sanaa halisi ni picha moja ya rangi iliyo peke yake duniani, na hiyo nyingine ni kazi ya mtoto wa darasa la pili apigaye mhuri kwa kiazi. Hoja hii ni kasumba ya soko. Anayethamini kitu kwa kuwa jirani hana anathamini umiliki, hathamini sanaa. Mchoro mmoja wa thamani hukaa katika nyumba ya tajiri mmoja au katika makumbusho ya mji mmoja, na anayetaka kuuona lazima apande ndege. Chapa humfuata mtu. Iwapo amani ni haja ya watu wote, basi sanaa yake haina budi iwe ile inayoweza kuwa mali ya watu wote.

Wako wasemao kwamba picha za namna hii zinatisha, hazifai kwa vijana, na kwamba sanaa ya amani inapasa iwe ya kupendeza. Ninawauliza: kijana huyo mnayemkinga dhidi ya machozi ya mama wa Kijerumani, mmemkinga dhidi ya nini kingine? Katika mabanda ya video na katika simu za mkononi kila siku anaonyeshwa watu wakiuawa kwa makumi, na mwuaji ndiye shujaa, na waliouawa hawana mama. Kinachomdhuru kijana ni kifo kisicho na kilio. Chapa za Goya na Kollwitz humrudishia kila maiti jamaa zake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na sitaipita mbio. Wako wasemao: sisi ni taifa lililosaidia ukombozi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994. Wapiganaji wa kusini walikula chakula chetu na kufanya mazoezi katika ardhi yetu. Mwaka 1978 nduli Idi Amin alipoivamia Kagera, vijana wetu walikwenda wakamtoa. Wahenga walisema amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Basi sanaa ya kulaani vita si itakuwa inawalaani mashujaa wetu?

La hasha. Na ushahidi wangu nautoa huko huko kusini. John Muafangejo alizaliwa mwaka 1943 katika kabila la Wakwanyama ambao mpaka wa kikoloni uliwakata nusu Angola na nusu Namibia. Alijifunza kuchonga lino katika chuo cha Kilutheri cha Rorke's Drift, huko Natal, kisha akarudi kaskazini ya Namibia, nchi iliyokuwa chini ya bunduki za makaburu. Huko Oniipa palikuwa na mtambo wa kuchapia wa kanisa. Mwaka 1973 mtambo huo ulilipuliwa kwa bomu. Ulipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1975, Muafangejo alichonga lino kuadhimisha siku hiyo, akaandika tarehe ndani ya picha yenyewe. Mwaka 1980 ukalipuliwa tena. Najiuliza, kwa nini mtu apoteze baruti yake juu ya mashine ya kuchapia? Jibu ni kwamba mdhalimu anaijua nguvu ya wino kuliko sisi tunaoibeza. Mwaka 1984, vita vikiendelea, Muafangejo alichonga chapa ambayo jina lake linazungumzia tumaini licha ya shida za wakati ule. Aliaga dunia mwaka 1987, na Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Nani atathubutu kusema kwamba tumaini lile lilikuwa woga?

Au chukueni wasanii wa kikundi cha Medu waliokuwa uhamishoni Gaborone, Botswana. Walichapa mabango kwa kupitisha wino katika kitambaa, na mabango hayo yakaingizwa Afrika Kusini kwa siri. Tarehe 14 Juni 1985 makomando wa makaburu walivuka mpaka usiku wakaua watu 12 mjini Gaborone. Mmoja wao alikuwa Thami Mnyele, mchoraji wa kikundi hicho. Mabango ya Medu yalidai haki, na hayakumwomba mdhalimu radhi. Lakini yalidai haki ili mauaji yakome.

Kwa hiyo jawabu langu ni hili. Sanaa ya amani haimfundishi mnyonge kupiga magoti. Kollwitz, aliyechapa uasi wa wafumaji, hakupata kuwa upande wa mabwana. Neno lake ni jingine: hata vita vya haki hula mbegu, na taifa lisilotaka kuutazama mlo huo litazoea kulisha. Upanga waweza kuwa wa lazima. Kuuimbia upanga na kumsahau aliyekatwa si lazima. Tunawaenzi askari wetu waliolala Kaboya, mkoani Kagera, na ni wajibu wetu. Lakini ni wapi tumeweka, kwa ajili ya watoto wetu, uso wa mama mmoja aliyepokea habari ile? Shujaa asiye na mama ni sanamu. Shujaa mwenye mama ni mtu, na kufa kwake kuna uzito.

Sitaficha kwamba chapa yenyewe haina dini. Bango la Uingereza la mwaka 1914, lenye uso wa Lord Kitchener na kidole kimemwelekea mtazamaji, lilikuwa chapa, na liliwaita vijana wakafe. Nchini Rwanda, gazeti la Kangura lililoanza mwaka 1990 lilichapa katuni na maneno ya kuwachochea watu wawachukie majirani zao. Mwisho wa uchochezi huo tuliuona kwa macho yetu hapa Tanzania: tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Chuma kimoja hufuliwa jembe na hufuliwa mkuki. Hiyo haiwi sababu ya kuchukia chuma. Ni sababu ya kutowaachia wafua mikuki kiwanda kizima. Wachochezi wa vita hawajapata kuidharau picha iliyochapwa kwa wingi. Wanaoidharau ni wapenda amani, na ndiyo maana aghalabu huchelewa.

Basi kwetu sisi kazi ianze wapi? Ianzie Kariakoo. Kila mwanafunzi wa Dar es Salaam amepita Kariakoo, na wengi hawajui kwamba jina hilo latokana na jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi. Vita ile ile iliyomuua Peter Kollwitz kule Ubelgiji ilipiganwa katika nchi yetu tangu 1914 hadi 1918, baina ya Wajerumani na Waingereza, kwa ugomvi ambao haukuwa wetu. Upande wa Waingereza na washirika wao peke yao, wapagazi wapatao milioni moja walichukuliwa, wengi kwa kulazimishwa, wabebe risasi na vyakula vichwani. Waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 100,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na hapa nyasi zilibebeshwa hata mizigo ya tembo.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha katikati ya Dar es Salaam ile sanamu ya shaba ya askari. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi pia. Lakini aliyesimama juu, bunduki mkononi na singe mbele, ni askari peke yake. Mpagazi hakupandishwa juu pamoja naye. Karibu miaka mia moja imepita na bado hajapanda. Wala sisemi tumjengee naye shaba, maana shaba ni ghali na tena husimama mahali pamoja. Nasema achongwe katika lino na katika kibao, katika kila shule ya sekondari, na mikono ya watoto ambao huenda ni vitukuu vyake. Achongwe akiwa na mzigo kichwani. Achongwe mkewe akitazama njia. Hiyo ndiyo itakuwa picha ya amani ya Kitanzania, na hakuna atakayeweza kuigeuza kifaru.

Nitaambiwa kwamba vifaa havipo. Mimi ni mtumishi wa serikali, najua vizuri jinsi neno hilo linavyotumika kufungia mafaili. Kazi hii haitaki mashine. Kibao laini cha msonobari kinatosha, au lino, na palipokosekana lino hata mpira wa kandambili kuukuu huchongeka. Kisu kidogo chenye makali, wino, karatasi, na mgongo wa kijiko wa kusugulia karatasi hadi picha ishike: hivyo ndivyo vifaa. Tena kazi hii imekwisha fanyika kwetu. Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 iliwafundisha vijana wengi, waliotoka mikoani na wasio na elimu kubwa, kuchora na kuchapa picha zao wenyewe. Kilichopungua ni nia. Mwezi Desemba 1962 serikali ya Jamhuri ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ilikuwa imefahamu kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kundi la watu tu. Sasa inatubidi tufahamu na hili pia: kwamba utamaduni wa amani haurithiwi kwa damu. Hufundishwa, na hufundishwa kwa mikono kabla ya midomo.

Ndugu walimu, nawaomba mwaka huu msimkataze mwanafunzi anayemchora njiwa. Mwulizeni tu njiwa huyo ametoka wapi, ameacha nini nyuma yake, na nani aliyelia kabla hajaruka. Kisha mpeni kisu na kibao. Nanyi wanafunzi, mtakapochonga mtaona jambo ambalo vitabu havisemi: kibao hukataa. Mti una nyuzi zake, kisu huteleza, na uso wa mtu mmoja waweza kuwachukua siku nne. Hapo ndipo mtakapopata kipimo. Risasi huchukua nukta moja kuufuta uso ambao ninyi, kwa juhudi zenu zote, mmeshindwa kuumaliza kwa siku nne. Anayekijua kipimo hicho kwa vidole vyake hatakuwa mwepesi wa kuifuata ngoma ya Mauti, hata ikipigwa kwa ustadi namna gani, na hata mpigaji akiwa amevaa rangi za bendera.